Shauri la Binti Watano Mlangoni pa Hema

Somo: Hesabu 27:1–11



Hakuna mwezi upitao katika sharika zetu pasipo watu kuketi kupatana. Posa hupelekwa na mahari huzungumzwa. Shamba la marehemu hugawanywa. Mpaka uliosogezwa hupimwa tena. Mume na mke waliotengana huitwa mbele ya wazee wa kanisa. Mwenye ng'ombe na mwenye mahindi yaliyoliwa hutafutiwa njia ya amani. Mambo haya hatuyaiti ibada, walakini Mungu anayatazama, kwa maana Bwana wetu aliwahesabu wapatanishi kuwa watu wenye heri (Mathayo 5:9). Basi, kazi iliyosifiwa na Bwana haifai kufanywa kwa ujinga.

Wengi hudhani ya kuwa shauri hushindwa kwa sababu ya ukaidi wa watu tu. Ukaidi uko, wala siukani. Lakini mara nyingi shauri huharibika kabla ya neno la kwanza kutamkwa, kwa kuwa hakuna aingiaye barazani akiwa mtu tu. Huingia pamoja na mila ya watu wake, iliyomfundisha tangu utoto lipi ni neno la heshima na lipi ni tusi. Huingia akiwa mwanamume au mwanamke, na kabla hajafungua kinywa watu wamekwisha kumpimia maneno mangapi yanamfaa. Tena huingia pamoja na jina: wa ukoo fulani, wa kabila fulani, wa dini fulani, mwenyeji au mgeni. Mambo haya matatu humsemea mtu hata akinyamaza. Mpatanishi asiyeyatambua hudhani amesikia shauri lote, kumbe amesikia nusu yake.

Na tuyatazame moja moja katika nuru ya Neno la Mungu.

I. Mila

Sara alipokufa huko Hebroni, akiwa na miaka 127, Ibrahimu hakuwa na kipande cha nchi kilicho chake hata cha kumzikia mkewe. Habari hii imo katika Mwanzo 23. Aliondoka mbele ya maiti wake, akawaendea wana wa Hethi, akajitaja kwanza kuwa mgeni na msafiri kati yao, kisha akaomba mahali pa kuzikia. Wakamjibu kwa heshima kubwa, wakamwambia achague kaburi lo lote katika makaburi yao. Ibrahimu akainama mbele yao. Akawaomba waseme na Efroni amtolee pango la Makpela kwa thamani yake kamili.

Efroni alikuwa ameketi papo hapo katikati ya watu wake. Akajibu ya kuwa anampa shamba pamoja na pango. Ibrahimu akainama mara ya pili, akalishika neno lile lile la bei. Ndipo Efroni akataja shekeli 400 za fedha, akauliza kiasi hicho ni kitu gani kati ya watu wawili kama wao. Ibrahimu akaipima fedha mbele ya watu wote walioingia lango la mji, na shamba, na pango, na miti yote ya shamba vikathibitika kuwa mali yake.

Sasa fikirini, ndugu. Mtu wa mila nyingine angalisikia ya kuwa anapewa, akalichukua shamba bure, akarudi nyumbani akimsifu Efroni. Na siku zisingalipita nyingi kabla wana wa Efroni hawajaja kumwita mnyang'anyi. Mtu mwingine angalisikia shekeli 400 zikitajwa nyuma ya neno la zawadi, naye angalimwita Efroni mwongo mbele ya wazee wake. Katika njia zote mbili Sara angalikaa bila kaburi. Lakini Ibrahimu alikuwa amekaa siku nyingi katika nchi ile. Yaelekea alijua ya kuwa kwa watu wale zawadi hutajwa kwa adabu, na bei hufuata kwa adabu vile vile. Hakuidharau adabu yao, wala hakuiachia imdanganye. Aliinama kama walivyotaka, akalipa kama ilivyompasa, na mashahidi wakaona.

Sisi nasi tunazo adabu za namna hiyo, nazo hazifanani. Yuko mtu ambaye kwao haja haitajwi mpaka ameulizwa habari za watoto, na mifugo, na mvua. Anayetaja haja yake mara moja humwona kuwa hana malezi. Yuko mwingine ambaye kwao mazungumzo marefu ni dalili ya hila. Neno "tutaona" kwa mmoja ni ahadi, kwa mwingine ni kukataa kwa upole. Mmoja hutazama usoni akisema kweli. Mwingine amefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa wake, naye yule wa kwanza humdhani mwenye hatia. Ndiyo maana wazee wetu walimweka mshenga katika mambo ya ndoa, ayachukue maneno mazito kutoka nyumba hata nyumba, na wakwe wa kesho wasitukanane leo.

Katika nchi ya Kilimanjaro, Wachagga huupanda mmea uitwao isale kuwa alama ya mpaka wa kihamba. Na jani la mmea huo huo hupelekwa kwa mtu aliyekosewa, kumwomba msamaha. Naye alipokeaye hujua ya kuwa ni vigumu kukataa. Mgeni akipelekewa jani hilo ataona jani tu, pengine alitupe. Hakutupa jani, ametupa toba ya jirani yake, wala hajui ya kuwa amefanya hivyo. Mpatanishi mwema huuliza kwanza: kwenu, mtu anayeomba radhi hufanyaje? Kwenu, mtu anayekataa husemaje? Maswali haya mawili yangaliokoa urafiki wa watu wengi.

II. Mwanamume na mwanamke

Lakini mila si Mungu. Inaweza kumlinda mtu, nayo inaweza kumfungia mlango. Hapo ndipo tunapolifikia somo letu.

Wana wa Israeli walikuwa wamepanga katika nchi tambarare za Moabu. Watu walikuwa wamekwisha kuhesabiwa, na nchi ilikuwa karibu kugawanywa kwa hesabu ya wanaume. Ndipo wakaja Mahla, na Noa, na Hogla, na Milka, na Tirza, binti za Selofehadi, wa kabila la Manase. Hawakumtuma mtu awasemee kwa siri. Walisimama mbele ya Musa, na Eleazari kuhani, na wakuu, na mkutano wote, mlangoni pa hema ya kukutania.

Angalieni walivyoyapanga maneno yao. Kwanza walieleza ya kuwa baba yao alikufa jangwani, wala hakuwamo katika mkutano wa Kora ulioasi. Yaani walikiondoa mapema kisingizio cha kwamba mali yake ilipotea kwa uasi. Pili waliuliza kwa nini jina la baba yao liondolewe katika jamaa yake kwa sababu hakuwa na mwana. Ndipo mwisho, kwa maneno machache, wakaitaja haja yao: wapewe milki pamoja na ndugu za baba yao.

Hapo pana hekima kubwa. Urithi ulipewa wanaume ili nyumba isikose jina wala mahali pake. Binti hawa walilishika kusudi hilo hilo, wakaonyesha ya kwamba desturi ikifuatwa kwa upofu huliua jambo lile lile iliyowekwa kulilinda. Hawakuitukana mila ya baba zao. Waliiuliza swali kwa lugha yake yenyewe, nayo haikuwa na jibu.

Wataalamu wawili wa Marekani, Emily Amanatullah na Michael Morris, walitoa mwaka 2010 habari za uchunguzi wao juu ya watu wanaopatana mshahara. Waliona ya kuwa wanawake waliojitetea wenyewe walipunguza madai yao kwa kuogopa kulaumiwa, bali wale waliomtetea mtu mwingine walidai kwa nguvu kama wanaume. Na wengine waliochunguza kabla yao walionyesha ya kuwa hofu hiyo si ya bure, kwa maana mwanamke ajitakiaye zaidi huchukiwa upesi kuliko mwanamume afanyaye vivyo hivyo. Binti za Selofehadi walisema kwa ajili ya jina la baba yao, na mkutano ukawasikiliza.

Walakini, ndugu, tusilifanye jambo hili kuwa sheria mpya juu ya wanawake, ya kwamba wasidai haki isipokuwa kwa jina la mwingine. Bwana hakuwapa milki kwa sababu ya upole wa maneno yao. Alishuhudia ya kuwa walilolinena ni haki, kisha akaliweka liwe amri kwa Israeli wote.

Mwangalieni Musa naye. Alikuwa mwamuzi wa miaka mingi. Angaliweza kusema ya kuwa desturi inajulikana, na jioni imefika, na watu waende hemani mwao. Hakufanya hivyo. Alilileta shauri lao mbele za Bwana. Mwenye kiti asiyeogopa kusema, "Neno hili sina jibu lake bado," huyo anafaa kukalia kiti.

Wala shauri halikuishia hapo. Katika Hesabu 36 tunasoma ya kuwa wakuu wa jamaa ya Gileadi walikuja na hofu yao: binti hawa wakiolewa na watu wa kabila nyingine, nchi itatoka katika kabila la Manase na kuingia katika nyingine. Hofu hiyo haikudharauliwa. Ikaamriwa waolewe na wawapendao, ila ndani ya kabila la baba yao. Basi binti walishika milki, na ukoo ukashika nchi. Kila upande ulisikilizwa, na kila upande ulipewa jibu. Hayo ndiyo mapatano. Tena katika Yoshua 17 twawaona binti hao hao wakija kwa Eleazari na Yoshua, baada ya Musa kufa, kuwakumbusha amri ya Bwana. Iliwapasa kudai tena kile walichokwisha kupewa. Haki iliyotamkwa barazani haijawa haki mpaka imefika mkononi.

Hofu ya wazee wa Gileadi imesikika katika nchi yetu pia. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika Mwanza, ililiamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mwana wa ndugu yake alipinga, kwa kuwa kwa mila ilivyoandikwa mwanamke aliweza kulitumia shamba la ukoo, bali si kuliuza kama mwanamume. Mahakama ikaamua ya kuwa mwanamke anayo haki ile ile ya kuuza, kwa kuwa Katiba ya nchi inakataza ubaguzi. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji kuwa la watu 7, na kati yao 3 wawe wanawake, ili wapatanishe magomvi ya ardhi.

Twashukuru kwa sheria hizo. Lakini kiti si sauti. Mwanamke anaweza kuwekwa katika baraza na bado akawa nje yake, ikiwa kila anaposema watu hutazamana na kusubiri amalize.

Nasi twajua jinsi inavyokuwa. Mume amezikwa, matanga yameondolewa, wanaume wa ukoo wameketi chini ya mti kuligawa shamba. Mjane yuko jikoni anawapikia hao wanaoligawa. Jioni huitwa, hupigishwa magoti, huambiwa yaliyokwisha kuamuliwa. Huinamisha kichwa. Nao husema, "Amekubali." Je, amekubali? Alifundishwa tangu utotoni ya kuwa mwanamke mwema hajibizani na shemeji zake wakiwa wameketi. Adabu yake imegeuzwa kuwa sahihi yake. Kimya alichowapa kwa heshima wamekichukua kwa idhini. Ndugu zangu, huo ni wizi, ingawa umefanywa kwa sala mwanzo na mwisho. Manabii hawakulinena neno hili kwa upole, wala Bwana wetu alipowataja wale wanaokula nyumba za wajane huku wakisali kwa maneno marefu (Marko 12:40).

III. Jina

Jambo la tatu ni jina, yaani mtu kujulikana ni wa nani. Katika Mathayo 15 mwanamke Mkanaani alimwendea Bwana Yesu kwa ajili ya binti yake aliyeteswa na pepo. Majina yote yalikuwa juu yake: mgeni, mwanamke, mtu wa watu wasiomjua Mungu wa Israeli. Wanafunzi walitaka aondolewe, kwa kuwa alipiga kelele nyuma yao. Bwana alikaa kimya kwanza, kisha akamjibu kwa neno gumu la chakula cha watoto na mbwa. Mwanamke yule hakukasirika akaenda zake, wala hakubishana juu ya jina. Alilipokea neno lile, akatafuta ndani yake nafasi yake mwenyewe: hata mbwa hupata makombo yaangukayo mezani. Martin Luther alipenda kulifafanua jambo hili, akisema ya kuwa mwanamke yule alimshika Kristo kwa maneno yake Kristo mwenyewe. Bwana akaisifu imani yake kuwa kubwa, na binti akapona.

Kuna kufunzwa mara mbili hapo. Aliyedharauliwa ajue ya kuwa jina alilopewa na watu haliwezi kumzuia asiifikie rehema ya Mungu. Nao wanafunzi wajue ya kuwa mtu waliyetaka kumfukuza kwa kelele zake ndiye Bwana aliyemfanya kuwa mfano wa imani. Tuwe waangalifu tunapomwona mtu kuwa kelele tu.

Mfano wa siku zetu umo katika nchi ya Liberia, tena unawahusu Walutheri wenzetu. Nchi ile iliingia katika vita mwaka 1989. Mwezi wa Julai 1990 askari waliingia usiku katika kanisa la Kilutheri la St. Peter's mjini Monrovia, walimokimbilia watu, wakaua wapata 600, wanaume, wanawake na watoto. Waliuawa kwa ajili ya jina la kabila lao. Vita ilitulia, ikarudi tena mwaka 1999.

Mama mmoja, Leymah Gbowee, alikuwa akifanya kazi katika huduma ya Kanisa la Kilutheri ya kuwaponya walioumizwa mioyo na vita. Mwaka 2003 yeye pamoja na wenzake waliwakusanya wanawake wa Kikristo na wa Kiislamu. Hao hawakuzoea kuketi pamoja, tena wengine waliuliza kama Mkristo anaweza kuomba na Mwislamu. Wakavaa nguo nyeupe wote, wasijulikane kwa cheo wala kwa kabila, wakaketi siku nyingi katika jua na mvua uwanjani karibu na soko la samaki, kando ya barabara aliyoipita Rais Charles Taylor. Mwezi wa Aprili akawapokea na kuwasikiliza. Mwezi wa Juni mazungumzo ya amani yakaanza nchini Ghana.

Waliokaa mezani walikuwa wakuu wa vita na watu wa serikali. Wiki zikapita, wakabishana juu ya vyeo, na Monrovia ilikuwa ikipigwa mizinga. Wanawake wale hawakuwa na kiti mezani. Mwezi wa Julai wakaja wakaketi mlangoni pa ukumbi mjini Accra, wakashikana mikono, wakasema hatoki mtu mpaka mapatano yaende mbele. Walinzi walipotaka kumkamata mama Gbowee kwa kuwa anazuia kazi, alianza kuvua nguo zake. Mwenye desturi nyingine angaliona wazimu. Lakini kwa watu wengi wa Afrika ya Magharibi kuuona uchi wa mama yako kwa makusudi yake ni laana, na wanaume wale walijua. Katika nchi ya Kenya nako akina mama waliowadai wana wao waliofungwa kwa ajili ya siasa walifanya hivyo mwaka 1992, katika Uhuru Park. Jenerali Abdulsalami Abubakar, aliyekuwa msuluhishi, hakuwadharau wanawake wale, alisema nao. Tangu siku ile mazungumzo yakapata uzito mwingine, na tarehe 18 Agosti 2003 mapatano yakatiwa sahihi. Mwaka 2011 mama Gbowee akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na wanawake wengine wawili.

Nayaandika haya si kwa kusema ya kuwa wake zetu na wafanye kama yale. Nayaandika ili tuone mambo mawili. La kwanza, wanawake wale walikuwa na majina mengi ya kuwatenga, wakachagua jina moja la kuwaunganisha, yaani mama. Na mila ile ile iliyowanyima kiti ndiyo iliyowapa silaha isiyomwaga damu. La pili ni la kutisha. Ikiwa mama inampasa avue nguo mlangoni ili asikilizwe, basi aibu si ya mama. Ni ya waliokaa ndani.

IV. Yatupasayo

Ndugu wazee wa kanisa, na ninyi wote mnaoitwa kupatanisha, niwaambie mambo machache ya kutenda.

Kabla hamjaketi, ulizeni: shauri hili linagusa sehemu ya nani, na je, yumo? Ikiwa ni shamba la mjane, mjane aketi; na jiko lishikwe na wengine siku hiyo. Ikiwa ni mahari ya binti, binti aulizwe kwanza kama anampenda huyo mtu, tena aulizwe mahali asipomwogopa baba yake.

Mkiwa mmeketi, msihesabu kimya kuwa ndiyo. Mwiteni mtu anayenyamaza kwa jina lake, mpeni nafasi, ngojeni. Ikiwa adabu ya kwao haimruhusu kusema mbele ya wakubwa, basi mama mmoja mwaminifu wa usharika akamsikilize kando, ayalete maneno yake barazani bila kuyapunguza. Ibrahimu naye aliwaomba wenyeji wamsemee kwa Efroni. Hiyo si aibu.

Kabla ya kujibu, mmoja ayarudie maneno ya mwenzake mpaka mwenzake aseme, "Ndivyo nilivyosema." Magomvi mengi hufa hapo hapo, kwa kuwa yalikuwa magomvi ya masikio.

Hofu ya upande wa pili isichekwe. Wazee wanaohofia nchi ya ukoo kutoweka si wabaya wote. Wapeni jibu, kama wakuu wa Gileadi walivyopewa. Lakini jibu la hofu yao lisilipwe kwa mali ya mjane.

Na mkiisha kupatana, yaandikeni mbele ya mashahidi, kama Ibrahimu alivyopima fedha yake langoni. Kisha baada ya miezi michache nendeni mkaulize kama kilichoahidiwa kimefika mkononi. Binti za Selofehadi iliwapasa kuja mara ya pili. Katika usharika wa Kristo wazee ndio watangulie kwenda, wasingoje mjane aje tena kubisha hodi.

Mtauliza, nguvu ya kufanya hivi itatoka wapi? Maana anayewatetea wanyonge mbele ya ukoo wake mwenyewe hupata adui nyumbani. Haitoki katika mila, wala katika sheria peke yake. Inatoka kwake aliyetupatanisha sisi na Mungu. Sisi hatukuwa na la kudai, wala kiti, wala jina jema. Kristo hakutungoja mlangoni. Alitoka nje ya mji akasulubiwa huko, pamoja na waliotupwa nje, ili sisi tuingizwe ndani na kuitwa wana na warithi. Na mtume Paulo awaandikia Wagalatia ya kuwa katika Kristo Myahudi na Myunani, mtumwa na huru, mwanamume na mwanamke ni mmoja (Wagalatia 3:28). Haimaanishi ya kuwa mila na majina yamefutwa. Ibrahimu alibaki mgeni, na Mkanaani alibaki Mkanaani. Maana yake ni kwamba hakuna hata kimoja katika hivyo kiwezacho kumnyima mtu urithi wake kwa Mungu. Na sisi tulioupokea urithi huo bure, tutawezaje kumnyima jirani shamba lake?

Na tuombe. Bwana Mungu, Baba wa yatima na mwamuzi wa wajane, tupe masikio yanayosikia maneno na yanayosikia kimya pia. Utuondolee woga mbele ya ndugu zetu na kiburi mbele ya wanyonge. Uwape watu wako amani iliyo ya haki, kwa ajili ya Yesu Kristo, Mpatanishi wetu. Amina.